Miaka 24 kazini haiwezi kuwa mstari mmoja

Mtu aliyebadilisha waajiri sita ndani ya miaka kumi ana wasifu wa kurasa tatu. Aliyekaa na mwajiri mmoja miaka 24 ana mstari mmoja: jina la kampuni, cheo, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Weka karatasi hizo mbili mezani kwa afisa asiyemjua yeyote kati yao. Wa kwanza ataonekana mzoefu, wa pili ataonekana mtu aliyejikalia tu mahali mpaka akatolewa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa huyo afisa, hapa Morogoro. Tulikuwa tukiitwa maafisa utumishi, kabla vijana hawajaja na jina la rasilimali watu. Nimestaafu, lakini bahasha za kaki bado zinanifuata nyumbani, kwa sababu mtaani kwetu mtu akipunguzwa kazi huambiwa, "Mpelekee yule mama akuangalizie karatasi zako." Kwa hiyo ninayosema hapa nayasema kutoka pande zote mbili za meza. Tunawapoteza watu wazuri kwa sababu ya ule mstari mmoja, na lawama si za waombaji peke yao.

Msimamo wangu ni huu. Utumishi wa muda mrefu kwa mwajiri mmoja ni kazi kadhaa zilizofanyika ndani ya geti moja. Anayeomba kazi anapaswa kuzitaja moja moja, kila moja na miaka yake. Mwajiri anayemuaga anapaswa kumpa karatasi inayozitambua. Afisa anayepokea maombi naye anapaswa kuzisoma kabla ya kusema "huyu kakaa sana sehemu moja".

Kosa huanzia steshenari. Mtu ametoka kazini, hajaandika barua ya maombi tangu enzi za taipureta, anaingia kwa kijana mwenye kompyuta na mashine ya kutoa kopi. Kijana anafungua faili la mteja wa jana, anafuta jina la juu, anaweka la leo. Nimewahi kupokea barua ya mpishi iliyosema ana shauku ya kuendeleza taaluma yake ya ukaguzi wa hesabu. Mpishi wa watu hakuwa na habari, alikuwa amesaini tu.

Kiolezo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya mhitimu wa chuo. Mhitimu hana kazi ya kuandika, ndiyo maana nusu ya ukurasa wa kwanza imejaa shule: ya msingi, ya sekondari, chuo, semina, cheti cha kompyuta. Uzoefu umeachiwa nafasi kidogo chini, juu kidogo ya "Ninapenda kusoma, kusafiri na kuangalia mpira." Mtu mwenye miaka 46 akimiminwa humo, anatoka amejaa tarehe za darasa la kwanza mpaka la saba, na maisha yake yote ya utu uzima yamebanwa chini kabisa. Kwake yeye mpangilio unapaswa kupinduliwa: kazi zitangulie na kuchukua nafasi, shule ifuate kwa mistari miwili mitatu.

Nina dhana pia kwamba wengi wetu tumeujifunza wasifu msibani. Kabla ya mazishi anasimama mtu na kusoma: marehemu alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, aliajiriwa na kampuni fulani mpaka alipostaafu, ameacha mjane na watoto watano. Pale mstari mmoja wa kazi unatosha, maana hakuna anayemtaka marehemu aripoti Jumatatu. Anayeomba kazi akiandika kwa mtindo huohuo, msomaji naye anaufunga ukurasa kama anayefunga kaburi.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, maana jambo hili halieleweki mpaka ulione likifanyika. Jirani yangu wa Kihonda alipunguzwa kwenye kiwanda cha nguo. Alileta bahasha yake, nikaifungua. Sehemu ya uzoefu ilisomeka hivi: "1999 – 2023: Mtunza stoo." Basi.

"Mdogo wangu, siku ya kwanza uliingia kama mtunza stoo?"

"Hapana, dada. Niliingia kibarua. Tulikuwa tunashusha marobota ya pamba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yule karani wa mizani alipougua, wakanishikisha daftari mimi. Ilikuwa 2002. Akafa Mungu amrehemu, nikabaki nalo moja kwa moja."

"Na vipuri uliingia lini?"

"2007. Nilikuwa msaidizi wa mzee mmoja. Huyo ndiye aliyenifundisha leja. Alipostaafu 2014 nikawa mwenyewe."

"Leja za mkono?"

"Za mkono. Baadaye ikaja kompyuta, ikabidi tuingize kila kipuri. Beringi peke yake, dada, usiseme. Tulikuwa tunalala palepale."

"Nani alijua namba za beringi?"

Akacheka. "Mimi."

"Mkuu wa stoo akienda likizo nani alikaa kwenye kiti?"

"Si mimi tena? Mara ya kwanza hawakunipa barua. Mara ya pili nilipewa, na posho ya kukaimu."

"Wakaguzi wakija mwisho wa mwaka?"

"Walikuwa wananiita mimi. Wenyewe wanasema wanataka yule anayejua kilipo kitu."

Alikuwa amenitajia kazi nne na hakujua. Tukakaa barazani na kalamu, tukaandika upya tukianzia na kazi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo mwajiri anayoitafuta kwanza:

2014 – 2023: Mtunza stoo, vipuri vya mitambo. Kupokea vipuri na kuvilinganisha na oda ya manunuzi. Kutoa kwa mafundi kwa hati. Kuhamisha kumbukumbu zote kutoka leja za mkono kwenda kwenye kompyuta. Kuandaa hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka na kusimama mbele ya wakaguzi. Kuelekeza watunza stoo wapya. Kukaimu nafasi ya mkuu wa stoo mara mbili.

2007 – 2014: Mtunza stoo msaidizi, vipuri. Kuandika leja, kupanga rafu, kutoa taarifa ya vipuri vinavyokaribia kuisha.

2002 – 2007: Karani wa mizani. Kupima mzigo unaoingia na kutoka, kulinganisha uzito na hati za msafirishaji, kutunza daftari la mizani.

1999 – 2002: Kibarua, ghala la pamba.

Hakuna neno la uongo hapo, wala la kupamba. Miaka ni ileile 24, kiwanda ni kilekile. Lakini sasa msomaji anamwona mtu aliyeanza na robota begani akaishia mbele ya wakaguzi. Anaona pia kitu ambacho mwenye kampuni yeyote anakitafuta usiku na mchana: mtu ambaye kila aliyemsimamia alimwongezea dhamana. Anayehama kila baada ya mwaka na nusu hawezi kukuonyesha hilo, hata awe na kurasa tano.

Jirani yangu aliisoma, akanitazama. "Dada, haitaonekana najisifu?"

Swali hilo nimelisikia kwa karibu kila mtu wa rika lake. Tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu mzima anayejieleza mwenyewe anaonekana hana haya. Ninaiheshimu methali hiyo, lakini ilisemwa kwa soko ambalo mnunuzi anakiona kitu kwa macho yake. Pale kiwandani jirani yangu hakuhitaji kujieleza, watu walimwona. Bahasha inayoingia kwenye ofisi ya Dodoma au Dar es Salaam haina macho ya kuisaidia. Kilichoandikwa ndicho kitakachoonekana. Na kusema "nilikaimu mara mbili" si sifa, ni taarifa, tena ile mara ya pili ina barua ya kuithibitisha.

Adabu hiyohiyo ndiyo inayowafanya waliokaa muda mrefu waseme "tulifanya", "tulihamisha", "tulisimamia". Ni lugha nzuri ya kazini, lakini kwenye maombi ya kazi inamficha mtu. Ninachowaambia ni wajiulize: katika hilo tulilolifanya, bila mimi nini kingekwama? Jibu lake ndilo la kuandikwa. Yaliyofanywa na wengine yaachwe kwa wenyewe.

Pia taja ukubwa wa kazi, kwa vipimo vya kazi yako mwenyewe. Dereva aliyeendesha lori la mizigo miaka 18 huandika "dereva" akaishia hapo. Huyo ni mtu aliyevuka Tunduma akaingia Nakonde, akaikata Zambia mpaka Kasumbalesa na kufika Lubumbashi. Anajua hati za forodha, anajua bima ya kadi ya njano ya COMESA, anajua kukaa kwenye foleni ya mpaka bila mzigo kuguswa. Ana madaraja ya leseni aliyoyapanda moja baada ya jingine, na kila daraja lina tarehe. Hayo yote yanatosha kujaza nusu ukurasa, na kila kampuni ya usafirishaji inayatafuta. Mpishi wa shule ya bweni aseme alikuwa akilisha wanafunzi wangapi na kama bajeti ya chakula ilipita mikononi mwake. Katibu muhtasi aseme alihudumia wakuu wangapi na ni vikao gani alivyoandikia mihtasari.

Mipaka nayo ipo. Aliyekaimu asijiite mkuu. Aliyeshiriki semina ya siku mbili asiandike "nina utaalamu". Miaka ya mbali ipungue maneno: kumi ya mwisho ichukue nafasi kubwa, ile ya ujana mstari mmoja mmoja inatosha. Kama umekaa nyumbani mwaka mzima baada ya kupunguzwa, ukilima mpunga au ukiuza duka, andika hivyo hivyo. Pengo lisiloelezwa hujazwa na msomaji, naye hulijaza kwa mabaya. Na ukiulizwa kwa nini uliondoka, sema kampuni ilipunguza wafanyakazi. Sheria yetu yenyewe inatambua kuachishwa kwa sababu za uendeshaji, na hakuna aibu ndani yake.

Kuna wengine ambao hata jina la mwajiri ni mtihani. Morogoro tunalijua hili. Mji wetu ulijaa viwanda vya umma: ngozi, viatu, maturubai, nguo. Kisha ukaja ubinafsishaji wa miaka ya 1990, na kuna watu walioingia kazini kwenye shirika la umma wakatoka kwenye kampuni ya mtu binafsi bila kubadilisha geti. Ukimuuliza ameajiriwa na nani, anakutajia majina matatu. Aandike jina la mwisho, kisha aeleze kwamba awali kampuni iliitwa hivi na hivi, na miaka ya kila jina. La sivyo anayepiga simu kuulizia ataambiwa, "Hatuna rekodi ya mtu huyo," na maombi yatakufa hapo hapo.

Sasa karatasi. Mtu wa waajiri sita ana barua sita. Mtu wa mwajiri mmoja mara nyingi ana moja, nayo ni ile ya kumwondoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikukusudia iwe hivyo. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, na ayatunze miaka mitano baada ya ajira kukoma. Inamtaka pia, ajira inapokoma, ampe mfanyakazi cheti cha utumishi. Hiki si hisani ya bosi mwenye moyo mzuri. Ni haki, iwe umestaafu, umepunguzwa au umeacha mwenyewe. Mwajiri akikataa, ipo ofisi ya kazi na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae na kinyongo nyumbani mpaka muda upite, maana madai ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.

Ninachowasuta wenzangu wa fani ni namna tunavyokiandika cheti hicho. Nimeona vingi: jina, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, "Tunamtakia kila la heri." Mtu ameacha ujana wake pale, anaondoka na sentensi ya kumtakia heri. Jirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wametaka cheti kitaje aina ya kazi na mahali ilipofanyika. Sisi tunaweza kwenda mbele zaidi bila kusubiri Bunge. Jalada la mtumishi liko kabatini. Lina barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa, ya kukaimu, ya kuhamishwa idara. Kutoa humo mistari mitano yenye miaka na vyeo ni kazi ya nusu saa. Anayeshindwa nusu saa kwa mtu wa miaka 24 asijiite afisa rasilimali watu.

Uchoyo huu wa kuhesabu uko hata kwenye sheria. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, lakini hesabu inaishia miaka kumi. Jirani yangu alifanya kazi miaka 24, sheria ikamhesabia kumi. Hilo la fedha tulijadili siku nyingine na wabunge wetu. Lakini kama pesa zimeikata miaka yake 14, angalau karatasi isiikate.

Kwa ambaye kampuni imekufa na jalada limeliwa na mchwa, njia bado zipo. NSSF wana taarifa ya michango yako, mwezi kwa mwezi, pamoja na jina la aliyeichangia. Hiyo ni ushahidi wa miaka ya kazi ambao hauna undugu na mtu. Ukiomba utaona pia kama kuna miezi ambayo mwajiri alikata mshahara wako asipeleke, na hilo nalo ni vizuri ulijue mapema. Watumishi wa umma walijaza fomu za OPRAS mwaka baada ya mwaka, na sasa wako kwenye mfumo wa PEPMIS. Malengo waliyopewa na walivyoyatimiza yameandikwa humo, lakini wachache hutunza nakala. Fundi aliyejifunzia kazini bila kupita chuo anaweza kwenda VETA, wanao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Miaka 15 ya kuchomelea vyuma ikipata cheti, mstari mmoja unageuka kitu kingine kabisa.

Wadhamini nao. Usiandike jina la meneja aliyestaafu na kurudi kwao Bukoba bila kumpigia kwanza. Namba inaweza kuwa ya mtu mwingine siku hizi. Mpigie, msalimie, mkumbushe kazi mliyofanya pamoja, mwombe ruhusa. Ukimkosa bosi, msimamizi wa zamu au mhasibu aliyekuwa akipokea taarifa zako anafaa kuliko mbunge asiyekujua.

Najua swali ambalo msomaji wa miaka 48 analo kifuani: mama, yote haya ni ya nini, si wataangalia mwaka wangu wa kuzaliwa tu? Sitamdanganya. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka waombaji wasiozidi miaka 45, isipokuwa walio tayari kazini Serikalini. Kwenye kampuni binafsi matangazo ya "umri usizidi miaka 35" hayajaisha, ingawa sheria ileile ya 2004 imeutaja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba tu. Katika utumishi wa umma kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Aliyepunguzwa akiwa na 46 ana miaka 14 ya kazi mbele yake. Nchi inayomwambia mtu huyo amekwisha inajipunguzia yenyewe nguvu kazi ambayo tayari imeshalipiwa gharama za mafunzo.

Wapo wanaomshauri mtu afute miaka ya mwanzo ili aonekane kijana. Mimi sishauri hivyo. Kwenye usaili ataingia na mvi zake, na kitambulisho cha NIDA kina tarehe. Afadhali aliyemwita awe amemwita akimjua. Kinachomzeesha mwombaji kwenye karatasi ni ule mstari uliosimama tangu 1999 bila kitu kubadilika. Onyesha mabadiliko, utaonyesha kwamba bado unajifunza.

Hapo ndipo ninapowageukia maafisa wanaochambua maombi. Kuna maneno yetu ya vikao vya mchujo ninayajua vizuri: "Huyu amezoea ya kwao", "huyu hatashikika", "huyu atataka mshahara mkubwa". Tunayasema kabla hatujamwona mtu. Aliyekaa miaka 24 kwenye kiwanda kimoja amepita chini ya mameneja kadhaa, wengine wazawa na wengine wageni, kila mmoja na mambo yake. Amehama kutoka leja kwenda kompyuta. Ameona wenye kampuni wakibadilika na yeye akabaki kwa sababu alihitajika. Huyo ndiye tunayemwita asiyebadilika? Ni kweli wapo waliofanya jambo lilelile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hao tutawajua kwa kuwauliza kwenye usaili maswali kama yale ya barazani kwangu, kwamba uliingia ukifanya nini na ulitoka ukifanya nini. Ni maswali mawili tu, na hayagharimu kitu.

Jirani yangu alipeleka karatasi zake mpya sehemu kadhaa. Aliitwa kwenye usaili kwenye ghala la pembejeo, na swali la kwanza likawa jinsi alivyohamisha leja kwenda kwenye kompyuta. Ameajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili. Haikuwa bahati, kwa kuwa lile swali lilitoka kwenye mstari ambao awali haukuwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makundi mawili. Maafisa utumishi: anayeondoka wiki hii mpeni cheti cha utumishi chenye vyeo vyake vyote na miaka yake, akiwa bado hajarudisha funguo. Nanyi mlio kazini mwaka wa kumi, wa kumi na tano, wa ishirini, msisubiri barua ya kupunguzwa ndipo mwanze kukumbuka. Chukueni nakala ya kila barua mnayopewa, mziweke nyumbani, si kwenye droo ya ofisini. Droo hiyo ni ya mwajiri, na siku mkiondoka itabaki naye.